Kimkasi hana shida na masikio yetu

Ndugu Mhariri,

Sijawahi kuandikia gazeti. Barua nilizozoea ni zile fupi za rufaa, "naomba umpokee mgonjwa huyu", kwa kuwa nilikuwa muuguzi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu na kuja huku Mpunguzi, barabara ya Iringa, kulima zabibu. Lakini ukurasa wenu wa mkulima wa Jumamosi ya wiki mbili zilizopita umenirudisha kazini bila mshahara, na nimeona nisinyamaze.

Mliweka picha ya kidudu wa rangi ya kahawia, mrefu, mwembamba, mwenye koleo mkiani. Chini ya picha mkaandika: "mdudu wa masikioni". Makala yenyewe ilihusu wadudu wa bustani, na mengi yaliyosemwa humo nayaunga mkono. Ugomvi wangu ni na maneno hayo matatu.

Mjukuu wangu Neema, yuko darasa la nne, ndiye msomaji wa nyumba. Jioni ile tulikuwa uani tunamenya karanga, yeye anamsomea mama mkwe wangu. Mama mkwe macho yamekwisha, lakini masikio yake yanasikia mpaka mazungumzo ya nyumba ya tatu. Neema alipofika kwenye picha, bibi akainua mkono.

"Rudia hapo."

Neema akarudia.

"Wa masikioni?"

"Ndiyo bibi, wa masikioni. Imeandikwa."

Hilo "imeandikwa" ndilo lililomaliza kila kitu. Mimi nikisema jambo ni la mkwe tu, likitoka gazetini ni la serikali. Usiku ule mto wangu ukafumuliwa pembeni, pamba ikatolewa, na watu wote wa nyumba hii tukalala masikio yamezibwa. Hata mimi nilizibwa. Sikubishana, mama mkwe ana miaka zaidi ya 80, na ukibishana naye usiku anakumbuka mambo ya mahari. Asubuhi jogoo aliwika peke yake, hakuna aliyemsikia, Neema akachelewa shule ya Jumapili.

Tungecheka yakaisha. Ila mama mkwe Jumapili ni mtu wa kukaa nje ya kanisa baada ya ibada, na yeyote anayempa "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, hapiti hivi hivi, lazima apewe habari. Mpaka mchana kila mama wa upande wetu alikuwa anajua kwamba yule kidudu anayejificha chini ya pipa la maji ni wa masikioni, na gazeti limethibitisha.

Jumatatu saa moja asubuhi nikagongewa. Jirani yangu, na mwanawe wa miaka mitano amembeba mgongoni kama kichanga, mtoto analia mpaka sauti imekauka. Kabla sijauliza neno nilisikia harufu ya mafuta ya taa. Mtoto alikuwa amelalamika usiku kuwa sikio linawasha. Mama akakumbuka yale ya Jumapili, akachukua koroboi, akammiminia mwanawe sikioni ili kumuua mdudu. Nilimlaza mapajani, nikavuta sikio juu na nyuma kidogo, nikamulika kwa tochi ya simu. Ndani palikuwa na punje ya mtama. Punje moja ya mtama mwekundu, aliyoisukuma mwenyewe akicheza, na kuizunguka ngozi imevimba na kuiva kwa mafuta. Tulipanda bodaboda hadi zahanati, ikatolewa pale kwa kifaa chake. Ngoma ya sikio ilikuwa salama. Nasema hivyo ili mhariri ujue mtoto yuko mzima. Simlaumu mama yake hata kidogo, alifanya kwa hofu aliyopewa.

Sasa niseme ninachokijua kwa mikono yangu. Masikio nimeyachungulia mengi kuliko niwezavyo kuhesabu. Nimetoa maharage, shanga, kifutio cha penseli, kipande cha chaki, kichwa cha njiti ya kiberiti kilichobaki baada ya mtu kujikuna. Kwa upande wa wadudu, bingwa ni mende, hana mpinzani. Halafu nondo wadogo. Halafu kupe, hasa kwa watoto wanaolala karibu na mbuzi. Huyu wa mkia wa koleo sijawahi kumtoa kwenye sikio la mtu hata mara moja. Kidudu yeyote anayetembea usiku anaweza kupotea njia akaingia popote, huyu pia. Lakini sikio si makazi yake, hatagi humo, hatoboi ngoma, haendi kwenye ubongo. Hana sumu. Lile koleo anakubania kidole ukimshika, na maumivu yake ni kama ya kibanio cha nguo cha mtoto wa kuchezea.

Na kwa kuwa nimeshaanza, wasomaji wanisikilize hapa. Mdudu hai akiingia sikioni, mlaze mgonjwa ubavu, dondoshea mafuta ya kula, ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Mdudu atakufa aache kukwaruza, kisha nenda kituo cha afya akatolewe. Kama sikio lina usaha au liliwahi kutoboka, usitie kitu, nenda moja kwa moja. Kama ni punje au harage, usitie maji, maana mbegu ikinywa maji inavimba na kukwama. Mafuta ya taa kamwe. Njiti ya kiberiti kamwe. Unyoya wa kuku, ambao najua mnautumia, kamwe.

Baada ya tukio hilo nilitaka kujua neno hili mmelitoa wapi. Kijana wangu anafundisha sekondari mjini, alipokuja mwisho wa juma na simu yake yenye intaneti tukakaa naye mpaka usiku. Kumbe mmelitoa kwa Waingereza. Wao wanamwita earwig, jina lililoundwa kwa neno lao la sikio na neno la kale la mdudu, na wamekuwa nalo kwa zaidi ya miaka 1000. Wajerumani wanasema Ohrwurm, mnyoo wa sikio, na siku hizi kwa neno hilohilo wanauita pia wimbo unaong'ang'ania kichwani usiotaka kutoka. (Hapo niliwaelewa. Kuna tangazo la sabuni redioni, limenikaa tangu Pasaka.) Waturuki wanasema kulağakaçan, anayekimbilia sikioni. Wafaransa ndio wabaya zaidi: perce-oreille, yaani toboa-sikio. Wapo wanaojaribu kulisafisha jina la Kiingereza kwa kusema lilitokana na bawa la mdudu huyu, ambalo likikunjuliwa lina umbo kama la sikio. Huenda. Lakini akina mama wa vijiji vya Ulaya hawakuwa wakimkunjulia mdudu mabawa. Waliogopa kwa ajili ya watoto wao, kama jirani yangu.

Kilichonifurahisha ni kwamba si dunia nzima iliyoingia katika hofu hiyo. Wengine walimtazama mkiani wakaona inatosha. Wahispania wanamwita tijereta, mkasi mdogo. Wajapani hasamimushi, mdudu wa mkasi. Wafini pihtihäntä, mkia wa koleo. Waitaliano forbicina, na hili sikuhitaji simu ya mtu. Nilipokuwa kijana kulikuwa na padri mzee wa Kiitaliano aliyetunza mizabibu ya misheni, na kila akikung'uta kichala cha zabibu akaanguka kidudu huyu kofiani mwake, alikuwa anacheka, "forbicina, forbicina," anamtupa pembeni, anaendelea kuvuna. Nikadhani ni neno la sala. Miaka yote hiyo, kumbe alikuwa anasema "kimkasi".

Halafu kuna yule Mswidi, Carl Linnaeus, aliyewapa viumbe majina ya Kilatini. Mwaka 1758 huyu wa Ulaya alimwandika Forficula auricularia. Neno la kwanza ni mkasi mdogo, la pili ni la sikio. Kwa hiyo mwanasayansi akaweka yote mawili, ukweli na uvumi, katika jina moja. Na kwao Uswidi watu wa kawaida wanamwita tvestjärt, mkia wenye pande mbili. Huenda sikio hakulikuta nyumbani kwao, alilibeba kwa wenzake.

Kwa nini nakazania haya? Kwa sababu Kiswahili kinapenda kumbatiza mdudu kwa kazi yake, na jina likishakaa halitoki. Tuna kombamwiko, na kila mwenye jiko anajua kwa nini. Tuna vunjajungu, ambaye mama yangu alitukataza kumgusa, eti ukimuua vyungu vya nyumbani vitavunjika. Kwa jina hilo tu nilimheshimu vunjajungu mpaka nikaolewa. Sasa angalia: toboa-sikio la Wafaransa limejengwa vilevile, kitendo na kitu chake. Mtu mmoja mwenye haraka akilitafsiri, baada ya miaka kumi litakuwa Kiswahili safi, litaingia kwenye vitabu vya watoto, na huko zahanati wenzangu watakuwa wananusa mafuta ya taa kila Jumatatu. Hilo lenu la "wa masikioni" ni hatua ya kwanza tu ya safari hiyo.

Hapa kwenye shamba langu tulikuwa tumeshampa jina bila kujua kama tunampa jina. Wakati wa kupogoa huwa nachukua vibarua wanne, kila mmoja anakuja na mkasi wake wa kupogolea kiunoni. Mwaka juzi mmoja wao, kijana wa Mvumi mwenye maneno mengi, aliinua matandazo chini ya mzabibu akawakuta vidudu hawa wamejazana, mikia juu. Akasema, "Mama, hawa vibarua wako wengine nao wamekuja na mikasi yao. Unawalipa shilingi ngapi?" Tangu siku hiyo kwetu ni vibarua. Neema yeye anasema vimkasi.

Na kazi wanayo. Simtetei kama malaika. Zabibu ikipasuka ngozi ataingia kula, na anaacha kinyesi ndani ya kichala, jambo ambalo mnunuzi halipendi. Miche michanga ya mchicha nayo huitafuna pembezoni. Lakini usiku, wakati sisi tumelala na pamba zetu, anakula vidukari, anakula mayai ya wadudu wengine, anakula majani yaliyooza. Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi alipoingia nchini, sisi wenye vipande vya mahindi tulilia. Nilikuwa nikifungua majani ya katikati, pale mhindi unapojikunja, nakuta mavi ya kiwavi kama unga wa mbao. Kwenye mimea mingine nilimkuta kimkasi humohumo ndani, ametulia. Nikawa namponda, nikidhani ni mwenzake mharibifu. Baadaye nikajifunza kuwa katika Brazili, nchi ambako kiwavi huyo ni mwenyeji, jamaa wa vimkasi ni miongoni mwa maadui wake wakubwa, wanakula mayai yake na viwavi wakiwa bado wachanga. Na hapa Afrika vimkasi wetu wanafanya hivyohivyo. Nilikuwa nawaua askari wangu mwenyewe kwa kidole gumba. Mimi, niliyesoma.

Kuna jambo moja kumhusu ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa nusu ya maisha yangu nimeyatumia wodi ya wazazi. Mwezi wa pili, mvua ikiwa imekatika kwa siku chache, niliinua mfuko wa samadi uliokaa muda mrefu nyuma ya zizi. Chini yake palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kimkasi jike amezunguka rundo la mayai meupe kama chembe za sago. Jike utamjua, koleo lake limenyooka. La dume limepinda kama pembe za ng'ombe. Hakukimbia. Wadudu wote niliowahi kuwafunulia hukimbia, huyu akainua mkia akanielekezea. Nilirudishia mfuko taratibu. Kila jioni nikawa naenda kuchungulia, mpaka Neema akasema bibi ana mgonjwa nyuma ya zizi. Yule mama alikuwa anayashika mayai moja moja mdomoni, anayageuza, anayalamba. Anayalamba kuondoa ukungu; ukimwondoa mama, mayai huota uvundo na kuoza. Mbawa zake, ambazo ni nadra kuzitumia, zimekunjwa chini ya vigamba vifupi mgongoni, zikawa ndogo zaidi ya mara kumi kuliko zikiwa wazi, kama mtu aliyekunja doti nzima ya khanga ikaingia kwenye kiganja. Watoto walipototolewa, weupe, wadogo kama herufi za gazeti hili, alibaki nao siku kadhaa. Nimewaona akina mama wa kibinadamu, kwa sababu zao wenyewe, ambao hawakubaki.

Kijana wangu aliniambia kuwa duniani aina zao zinakaribia 2000, na kwamba wapo hata wanaoishi kwenye manyoya ya panya buku. Panya buku hawahawa, ndugu zake Magawa, yule aliyefundishwa hapa Tanzania akatunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia. Yule anayeishi kwenye panya hana mbawa, hana macho, anakula ngozi iliyokufa na ukungu wa mwenyeji wake, na hatagi mayai, anazaa. Nilipomsimulia mama mkwe, alinyamaza kwa muda, akauliza, "Na huyo wa panya, naye anaingia masikioni?" Nikasema kwa masikio ya panya sina uzoefu.

Ombi langu, mhariri, ni dogo. Wekeni tena ile picha, pahala palepale, na chini yake mwandike kimkasi. Ki-vi, kama kidukari, kama kiroboto, kama kipepeo. Kimkasi mmoja, vimkasi wengi. Najua mwalimu wa sarufi ataandika barua ya pili kusema ingefaa iwe kikasi. Na aandike. Wa Baraza la Kiswahili wakiona mkiakoleo ni bora, nitawafuata. Sharti langu ni moja tu, sikio lisiwemo. Na mtoto wa jirani anapenda picha za wadudu, kwa hiyo iwe kubwa kidogo.

Kwa wenye zabibu, mchicha au mahindi wanaouliza wawafanye nini wakizidi: msikimbilie bomba la dawa, mtawaua na wale wanaokula vidukari. Vimkasi hupenda mahali penye giza, unyevu na kubana, pande zote ziguse mwili. Chukua gazeti la zamani, likunje kama chapati ya kufungia mayai, lilowanishe kidogo, liweke chini ya mzabibu jua linapozama. Alfajiri liokote kabla jua halijapanda, ukalikung'utie mahali unakowahitaji.

Mimi nililitumia lile la Jumamosi, ukurasa wenu wa mkulima ukiwa kwa ndani. Asubuhi nilipolifungua walikuwa 14, wengi wamelala juu ya picha ya mwenzao. Nimewahamishia kwenye mahindi.

Ni mimi,
Bibi Neema
Muuguzi mstaafu, Mpunguzi, Dodoma